Amplifaya kupata joto si lazima iwe mbovu
Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: amplifaya ya nyumbani ikipata joto sauti ikiwa chini, imeshaharibika, izime kabla haijalipuka. Si kweli.

Amplifaya nyingi hupitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye transista za kutoa sauti muda wote, hata pakiwa kimya, ili sauti isikwaruze. Mkondo huo huzalisha joto, na mapezi ya alumini yapo kulitoa nje. Za daraja A, yaani aina ambayo transista zake hupitisha mkondo mkubwa muda wote, hushangaza zaidi: huwa moto zaidi zikiwa kimya kuliko zikipiga muziki kwa nguvu. Za daraja D, yaani aina ambayo transista zake hujiwasha na kujizima kwa kasi sana, hupata joto kidogo tu, na nadhani mkanganyiko huanzia hapo, mtu akilinganisha yake na ya mwenzake.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Soma kijitabu cha maelekezo, halafu angalia kama matundu ya hewa yamefunikwa na kitambaa au dekoda iliyowekwa juu. Mara nyingi kosa liko hapo. Harufu ya kuungua, kujizima mara kwa mara, au joto lililozidi ghafla kuliko ulivyozoea, hayo mpelekee fundi.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.