Elimu bila malipo maana yake nini?

Kikao cha wazazi, shule moja ya msingi hapa Moshi. Mwenyekiti wa kamati anasoma orodha: mlinzi, uji, karatasi za mitihani. Baba mmoja anasimama: "Si mlituambia elimu ni bure?" Watu wanacheka, mwalimu mkuu anakuna kichwa.

Hilo "bure" ndilo linalotuchanganya. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, ulifuta ada na michango ya lazima. Gharama haikufutwa, imehamia Hazina. Wajibu wa serikali wa kugharamia elimu ndio huo: aliyemwondolea mzazi mzigo aubebe yeye, na aubebe wote.

Fedha hizo hushuka shuleni kwa jina la ruzuku ya uendeshaji. Mpango ulipoanza ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Humo, 4,000 zilibaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shule ikapata 6,000. Chukua shule ya watoto 600: ni 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Toa chaki, bili ya maji, karatasi, bawaba za mlango uliong'oka. Mlinzi atalipwa na nini?

Mpango huohuo ulimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa. Kwa hiyo baba yule wa kikaoni angelalamikia sare aliyoshona mjini, asingesikilizwa. Kwa mlinzi alikuwa na hoja, na mimi niko upande wake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Ibara ya 28 inataka elimu ya msingi iwe ya lazima na bila malipo kwa wote, na ibara ya 4 inaitaka nchi itumie rasilimali zake kwa kadiri ya juu kabisa iwezekanavyo. Katiba yetu nayo, ibara ya 11, inataja haki ya kujipatia elimu. Ila rudi nyuma kidogo, ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama. Kwa hiyo ukipungukiwa ruzuku, huwezi kuishtaki serikali kwa ibara hiyo ya Katiba. Unabaki na diwani, mbunge na msimu wa bajeti.

Kikao kiliisha kwa makubaliano. Katibu akaandika "mchango wa hiari" kwenye muhtasari, kisha daftari la majina likaanza kuzunguka.