Root na ufunguo wa skrini

"Kaka, root si ndiye mwenye mashine? Mbona anafukuzwa mlangoni?" Niliulizwa hivyo Arua, Uganda, na kijana aliyeingia root, yaani mtumiaji mkuu wa Linux, kwa amri ya su -, akaita kihariri cha maandishi chenye dirisha, akajibiwa: cannot open display, yaani skrini haifunguki.

Mwenye mashine ndiye, ila kwa upande wa faili. Faili hulindwa na kerneli, kiini cha mfumo, na mbele ya kerneli root hapingwi. Skrini ina bawabu mwingine: seva ya X, mfumo wa kuonyesha madirisha ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984. Kila programu inayotaka kuchora dirisha lazima ibishe hodi kwake, naye haulizi cheo. Kwa kawaida anataka kuki, yaani namba ya siri ya biti 128, ambayo mara nyingi hukaa katika faili la .Xauthority la mtu aliyefungua kikao.

Ni kama muzigo, yaani nyumba ndogo ya kupanga, Kampala. Nyumba ni ya landilodi, kufuli ni ya mpangaji. Kusema kweli root ana uwezo wa kulisoma faili hilo la kuki. Programu yake tu haijui iende skrini ipi wala ichukue ufunguo wapi, kwa sababu su - imefuta DISPLAY na XAUTHORITY, vigezo vinavyotaja skrini na mahali pa faili la kuki.

Kumpa root ruhusa, basi, ni mpangaji kumwambia bawabu: huyu mmoja mpitishe. Mwenye kikao, akiwa bado hajawa root, anaandika:

xhost +si:localuser:root

Root naye bado inabidi arudishiwe DISPLAY, ajue skrini ni ipi. Akimaliza kazi, mwenye kikao anaweka alama ya kutoa mahali pa kujumlisha, ruhusa inaondoka.

Wengi hufupisha wakaandika xhost + peke yake. Huko ni kung'oa mlango. Katika X, programu iliyokwisha kuingia inaweza kusoma vibonye unavyobonyeza kwenye madirisha ya wengine, nywila ya benki ikiwemo. Kwenye mashine inayotumiwa na watu kumi si mzaha.

Wayland, mfumo mpya unaoshika nafasi ya X, haikuondoa swali hili. Fedora 25, toleo mojawapo la Linux, ilipoifanya chaguo la kwanza mwaka 2016, GParted, programu ya kugawa diski inayohitaji root, iligoma kufunguka. Programu za X zilizo ndani ya Wayland hupita kwa Xwayland, seva ya X inayoendeshwa humo, na xhost bado hufanya kazi huko.

Yule kijana, kumbe, alitaka kurekebisha mstari mmoja ndani ya /etc/hosts. Nilimwonyesha sudoedit: kihariri hufunguka kwa jina lake mwenyewe, kisha nakala iliyorekebishwa hurudishwa mahali pake. Root hakuihitaji skrini hata kidogo.