Philomène: jina la bibi, sheria ya Ufaransa na siku tano za kumwandikisha mtoto

Katika miezi ya karibuni dirisha letu la usajili wa vizazi limepokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaoishi hapa Ufaransa, wengi wao wakiwa na asili ya Kivu, Burundi na Tanzania. Wanataka kumpa binti yao jina la bibi yake, Philomène, lakini wameshaambiwa na jamaa au na kikundi cha WhatsApp kwamba jina hilo lilifutwa, kwamba halimo kwenye orodha, au kwamba ofisi ya meya italikataa kwa kuwa limepitwa na wakati. Wengine wamekata tamaa kabla hata ya kufika dirishani, kisha wanailalamikia ofisi kwa uamuzi ambao haikuutoa. Makala haya ni ya maelezo ya jumla. Mwenye kesi yake mahususi amwone mwanasheria au afike ofisini.

Nianze na orodha, maana ndiyo inayoleta rabsha kubwa. Orodha haipo. Iliwahi kuwepo kwa namna fulani: sheria ya tarehe 11 Germinal mwaka wa 11 wa kalenda ya Mapinduzi, yaani 1 Aprili 1803, iliruhusu majina yaliyotumika katika kalenda mbalimbali na ya watu mashuhuri wa historia ya kale, basi. Maelekezo ya serikali ya mwaka 1966 yaliilegeza kidogo, na sheria ya 8 Januari 1993 ikaiondoa kabisa. Leo mzazi huchagua, na msajili huandika papo hapo. Mwaka 1993 si jana. Anayekuambia leo kwamba meri, yaani ofisi ya meya, ina daftari la majina yanayoruhusiwa anakupa sheria ya enzi za Napoléon.

Hilo la kufutwa lina mzizi wa kweli, ila limepindishwa, na ili kuliweka sawa inabidi turudi Roma.

Mwezi Mei 1802, wachimbaji waliokuwa wakifanya kazi katika makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, kando ya barabara ya Salaria, walikuta kaburi lililozibwa kwa vigae vitatu vya udongo. Juu yake kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, na michoro ya nanga na mishale. Ukisoma vigae kwa mpangilio wake, unapata LUMENA, kisha PAXTE, kisha CUMFI, ambayo haina maana yoyote. Kikihamishwa kigae cha kwanza kikawa cha mwisho, maneno yanakaa: Pax tecum Filumena, amani iwe nawe Filumena, jina ambalo Wafaransa huliandika Philomène. Ndani mlikuwa na mifupa iliyodhaniwa kuwa ya msichana wa miaka kama 13. Jina lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni mwanamke anayependwa. Ile tafsiri ya “binti wa nuru” inayosambazwa kwenye kadi za ubatizo ilitokana na maono ya mtawa mmoja wa Napoli miaka ya 1830, aliyeligawa jina kana kwamba ni la Kilatini. Ni nzuri kwenye kadi, lakini sisi tukiulizwa asili ya jina hatuwezi kuiandika.

Mwaka 1805 mifupa hiyo, iliyoheshimiwa kama ya mtakatifu Filomena, ilipelekwa Mugnano, karibu na Napoli, na habari za miujiza zikaanza kusambaa. Aliyelifanya jina liwe la Kifaransa hasa ni mwanamke wa Lyon, Pauline Jaricot, yule yule aliyeanzisha mwaka 1822 chama cha Uenezaji wa Imani, kilichochangisha senti moja moja kila wiki kwa ajili ya misheni. Mwaka 1835 akiwa mgonjwa sana alisafiri hadi Mugnano, akarudi akisema amepona. Kupitia kwake, kipande cha masalia kilifika kwa padri wa kijiji cha Ars, Jean-Marie Vianney, ambaye watu walimiminika kwake kutoka pande zote za Ufaransa. Vianney hakutaka kusifiwa kwa waliopona. Kila mmoja alimwambia amshukuru Filomena. Mwaka 1837 Papa Gregori wa 16 akaruhusu aadhimishwe katika liturujia. Hapo ndipo akina Philomène walipoanza kujaa kwenye madaftari ya vijiji vya Ufaransa, mara nyingi wakiitwa Marie Philomène, na ukifungua daftari lolote la wilaya ya mashambani la nusu ya pili ya karne ya 19 huchelewi kuwakuta.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanaakiolojia Orazio Marucchi alitoa hoja kwamba vigae vile vilikuwa vya kaburi la mtu mwingine wa zamani zaidi, vikatumika tena, na ndiyo maana vilipangwa ovyo. Mjadala ulikuwa mrefu. Mwaka 1961 Vatikani iliagiza sikukuu ya Filomena, iliyokuwa tarehe 11 Agosti, iondolewe kwenye kalenda za liturujia. Huko ndiko kufutwa kunakosemwa. Kilichoondolewa ni sikukuu katika kalenda ya Kanisa. Jina halikuguswa, na hata waumini hawakukatazwa kumwomba. Zaidi ya hapo, Jamhuri ya Ufaransa ilichukua usajili wa vizazi kutoka kwa mapadri tangu 20 Septemba 1792. Mabadiliko ya kalenda ya Kanisa hayafungi wala hayafungui chochote kwenye dirisha letu. Vivyo hivyo cheti cha ubatizo: tunakiheshimu, tafadhali msituletee kama ushahidi wa jina.

Kufikia mwaka huo wa 1961 jina lilikuwa limeshapungua nchini Ufaransa, kwa sababu ya kawaida kabisa ambayo huyapata majina yote: waliokuwa nalo walizeeka pamoja, na hakuna aliyetaka kumpa mtoto jina la bibi kizee wa shambani. Katika miaka ya karibuni, Louise na Jeanne wakisharudi kwa kishindo, Philomène nalo limeanza kuonekana tena, kwa uchache.

Wazazi hupenda kutuletea takwimu walizochapisha kutoka mtandaoni, nami naomba zisomwe kwa uangalifu. Chanzo cha karibu zote ni faili la majina la INSEE, taasisi ya takwimu ya Ufaransa, ambalo linaanzia mwaka 1900. Maana yake wimbi kubwa la Philomène, lile la karne ya 19, limebaki nje. Pia rejista ambayo faili hilo limetolewa ilianza kutengenezwa mwaka 1946, kwa hiyo wengi waliozaliwa mwanzoni mwa karne na kufariki kabla ya hapo hawamo. Tatu, huhesabiwa jina la kwanza tu. Mtoto aliyeandikwa Grâce, Philomène huhesabiwa kama Grâce. Na familia zetu, kama mjuavyo, huliweka jina la bibi nafasi ya pili au ya tatu. Hivyo anayesema jina limekufa kwa kuwa ameona mstari umelala kwenye chati amesoma chati ya kitu kingine.

Ama kwetu Afrika, jina lilifika na wamisionari wakati likiwa bado changa na maarufu Ulaya. Fedha za chama cha Jaricot zilisaidia misheni nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga Bagamoyo mwaka 1868, na Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie wakafika Ujiji mwaka 1879. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mbatizwa anapata jina la Kikristo, na kalenda ya watakatifu ndiyo iliyokuwa mkononi. Kwa hiyo Filomena yupo Kilimanjaro na Machakos, na Philomène yupo Bukavu na Gitega, hadi leo, wakati kijiji cha Ufaransa kilikotoka kinaweza kumaliza miaka bila kumwandikisha hata mmoja.

Kongo kuna jambo moja zaidi ambalo hutuchanganyia mafaili. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudi kwenye uhalisia, Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na marufuku hiyo ikadumu hadi utawala ulipolegea mwaka 1990. Bibi aliyeitwa Philomène kanisani na nyumbani anaweza kuwa na hati zenye jina la asili pekee. Mzazi huja na hati hizo akihofia kwamba tutamwambia athibitishe jina la bibi. Hatutamwambia. Huhitaji kuthibitisha kwamba jina la mtoto lina mwenyewe.

Sasa utaratibu, na hapa naomba umakini, maana ndipo watu wanapoumia. Mtoto huandikishwa katika meri ya mahali alipozaliwa; unapoishi hapahusiki. Muda ni siku 5, na siku ya kuzaliwa haihesabiwi. Aliyezaliwa Jumatatu, siku ya kwanza ni Jumanne na ya tano ni Jumamosi. Kwa kuwa Jumamosi si siku ya kazi kwa hesabu hii, muda unasogea hadi Jumatatu inayofuata. Ikiwa Jumatatu hiyo ni sikukuu ya kitaifa, ni Jumanne. Yako maeneo machache yenye umbali mkubwa, kama Guyane, eneo la Ufaransa lililoko Amerika ya Kusini, ambako muda ni siku 8. Kuandikisha ni bure. Leta cheti cha daktari au mkunga, vitambulisho vya wazazi, kitabu cha familia kama mnacho, hati ya kumtambua mtoto kabla ya kuzaliwa kama ilifanyika, na tamko la pamoja la jina la ukoo kama mmelichagua. Baba asiye na ndoa na mama asidhani kumpeleka mtoto dirishani kunatosha. Lazima amtambue mtoto rasmi, na anaweza kufanya hivyo kabla ya kuzaliwa au wakati huo huo wa kuandikisha.

Siku zikipita, msajili haruhusiwi kuandika, hata akikuhurumia. Itabidi uende mahakamani upate hukumu ya kutangaza kuzaliwa, ambayo huchukua muda, na wakati huo wote mtoto hana hati. Aidha, kifungu cha 433-18-1 cha kanuni ya adhabu kinamgusa mtu aliyekuwepo wakati wa kujifungua asipotoa taarifa ndani ya muda: kifungo cha miezi 6 na faini ya euro 3,750. Hatufurahii kukitaja, lakini kipo.

Kuhusu kukataliwa. Msajili hawezi kukataa jina. Kifungu cha 57 cha kanuni ya kiraia kinamtaka aliandike, kisha akiona linadhuru maslahi ya mtoto, au linaingilia haki ya watu wengine kulinda jina lao la ukoo, amjulishe bila kuchelewa mwendesha mashtaka wa Jamhuri. Huyo ndiye anayeweza kulipeleka kwa jaji wa masuala ya familia, na jaji ndiye anayeweza kuagiza lifutwe. Wazazi wasipochagua jingine, jaji huchagua. Yaliyokwama njia hiyo ni kama Nutella, lililokataliwa mahakamani Valenciennes mwaka 2014, na Titeuf, jina la mhusika wa katuni, ambalo kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Rufani mwaka 2012. Kuliweka Philomène katika kundi hilo, kwa heshima zote, ni kujitisha bure.

Kinachotupa kazi kila siku ni maandishi. Kwenye rasimu ya hati tunayokupa usome, majina hutenganishwa kwa alama ya mkato, na majina pacha huunganishwa kwa kistari. “Marie, Philomène” ni majina mawili; “Marie-Philomène” ni moja. Tofauti ni kialama kimoja, lakini itamfuata shuleni, benki na kwenye pasi ya kusafiria. Herufi è yenye alama ya kushuka ni sehemu ya jina katika tahajia ya Kifaransa. Ukituandikia Philomene bila alama na ukatia sahihi, hilo ndilo jina lake. Filomena pia linakubalika, ukipenda la Kiswahili. Ukishaona kwenye mstari wa chini wa pasi, ule unaosomwa na mashine, jina limeandikwa PHILOMENE, tafadhali usirudi kulalamika: mstari huo hauna alama kwa mtu yeyote duniani.

Wakongomani wenye jina, jina la nyuma na jina la ubatizo wajue kwamba hati ya Ufaransa ina vyumba viwili tu, jina la ukoo na majina ya kupewa. Jina la nyuma linaingia kwenye majina ya kupewa, au linaachwa. Mpangilio usiwasumbue sana, kwani jina lolote lililomo kwenye hati linaweza kutumika kama jina la kila siku.

Kosa la wazi la uandishi, kwa mfano meri yenyewe imeruka herufi, linasahihishwa na msajili bila kwenda mahakamani. Mkibadili mawazo, hilo ni jambo jingine: ni maombi ya kubadili jina chini ya kifungu cha 60, ambayo tangu sheria ya 18 Novemba 2016 hupelekwa meri ya unapoishi au ya ulipoandikishwa, yakiwa na sababu halali na ushahidi wake. Mtoto aliyepita miaka 13 lazima akubali mwenyewe.

Na kwa mama anayeitwa Filomena ambaye anaomba uraia na angependa kuandikwa Philomène, kuna njia fupi zaidi chini ya sheria ya 25 Oktoba 1972, inayoruhusu kulifanya jina liwe la Kifaransa. Ombi huwekwa ndani ya faili la uraia, au ndani ya mwaka mmoja baada ya kuupata. Hakuna ada. Mwaka ukishapita, kinachobaki ni kile kifungu cha 60, pamoja na ushahidi wake wote.