Maktau: stesheni iliyoletwa na vita

Stesheni nyingi za Afrika Mashariki zilifuata mashamba au soko. Maktau, kwenye tawi la reli la Voi–Taveta kusini mwa Kenya, ilifuata bunduki. Mimi ninayechimba historia ya reli naona humo ndimo ulimoanzia udhaifu wake.

Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilivuka nyika kwenda kulipua Reli ya Uganda, njia kuu ya Waingereza kutoka Mombasa kupitia Voi, na nyuma yao walikuwa na reli yao ya Tanga, iliyofika Moshi 1911. Waingereza hawakuwa na chochote magharibi ya Voi ila vichaka. Mapema 1915 wahandisi wa reli wa jeshi la India wakaanza kutandika mataruma, na katikati ya mwaka wakawa Maktau.

Hapo reli ikakwama. Mwezi Julai shambulio la Waingereza huko Mbuyuni, mbele kidogo, lilishindwa, na Maktau ikawa kambi kubwa mahali pasipo na maji. Vitabu hupenda mizinga. Mimi huwaambia watu waanze na bomba lililoleta maji kutoka milima ya Bura, maana askari, nyumbu na injini za mvuke wote walikuwa na kiu. Tarehe 3 Septemba, karibu na hapo, Luteni Wilbur Dartnell alikataa kuwaacha majeruhi wenzake, akauawa. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kaburi lake liko Voi.

Machi 1916 Taveta ikakombolewa, na njia ikasukumwa hadi kuungana na ile ya Tanga huko Kahe. Vita vikahamia kusini. Baadaye mkonge wa Taveta uliipa treni mzigo, lakini Maktau ilibaki mahali pa kupitia tu.

Kilichoiua reli hii, kwa maoni yangu, ni mpaka. Faida yake kubwa ilikuwa kuunganisha mitandao miwili ya reli, wa Kenya na wa Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Mzigo ukazoea malori. Treni za mizigo za Tanga–Moshi zilirejea 2019. Tawi la Voi halikupata bahati hiyo.

Ukifika kwenye njia ya zamani kama hii, pangusa kutu ubavuni mwa pau ya reli: mara nyingi utakuta jina la kiwanda na mwaka, vimechomoza kwenye chuma. Piga picha na uandike ulipoikuta, kabla wauza vyuma chakavu hawajafika. Pau ikishang'olewa, ushahidi huo haupatikani tena.