Miaka iliyoliwa na nzige: dhana potofu na ukweli kuhusu ahadi ya urejesho

Ni vigumu kumaliza ibada nyingi za siku hizi bila kusikia neno "urejesho". Linaimbwa, linatolewa kama unabii wa mwaka mpya, linabandikwa kwenye matangazo ya semina. Ni neno zuri, na ni la Biblia kweli. Manabii wa Kiebrania walilitamka wakati Yerusalemu likiwa limezingirwa, au likiwa tayari ni kifusi na majivu. Ndiyo maana naumia nikiona ahadi nzito namna ile ikifanywa kuwa ahadi ya gari jipya kabla mwezi haujaisha. Nitachukua dhana chache ninazokutana nazo mara kwa mara, niziweke mbele ya maandiko yenyewe.

Dhana: Yoeli 2:25 inamwahidi kila muumini kurudishiwa alichopoteza

Mstari wenyewe wengi wanaujua kwa moyo: "Nami nitawarudishieni hiyo miaka iliyoliwa na nzige." Husomwa peke yake, kisha mtu anaambiwa aorodheshe alivyopoteza, kazi, ndoa, mtaji, afya, na avidai vyote.

Turudi nyuma kidogo. Yoeli anasema na taifa la wakulima ambalo nzige wamelimaliza. Mtini umebanduliwa gome hadi matawi yake yakawa meupe (1:7). Hekaluni sadaka za unga na za kinywaji zimekatika, maana hakuna nafaka wala divai ya kuzitolea. Tarumbeta inapigwa Sayuni, na mkutano unaoitishwa hauna udhuru: wazee waje, watoto wanyonyao waletwe, hata bwana arusi atoke chumbani mwake (2:16). Wanaambiwa wararue mioyo yao, wala si mavazi yao. Ahadi ya miaka kurudishwa inakuja baada ya hayo yote, na anayeahidiwa ni taifa zima lililoitwa kumrudia Mungu kwa pamoja.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kusema kwamba basi ahadi ni ya rohoni tu. Nao wanakosea. Yoeli anataja viwanja vya kupuria vilivyojaa ngano na mashinikizo yanayofurika divai na mafuta. Mungu wa manabii anajali kama watu wamekula. Ila maneno ya nabii hayaishii ghalani. Yanaendelea hadi watu wajue kuwa Mungu yuko katikati yao (2:27), kisha Roho anamiminwa juu ya wote wenye mwili, wana na mabinti, wazee na vijana, hata watumwa na wajakazi. Sehemu hiyo ndiyo Petro aliyoinukuu siku ya Pentekoste. Anayesimama kwenye mstari wa 25 asifike wa 28 ameshuka njiani.

Dhana: "Nayajua mawazo ninayowawazia" maana yake mambo yako yanakaribia kufunguka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Yeremia 29:11 huenda ndio mstari wa manabii unaotumika zaidi kufariji watu, na mara nyingi unatumika kinyume kabisa na kazi uliyoandikiwa.

Mwaka 597 KK Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alimchukua mfalme Yekonia, mafundi na wakuu wa Yuda, akawapeleka Babeli. Huko na Yerusalemu wakatokea manabii waliosema hali hiyo ni ya muda mfupi. Aliyevuma zaidi ni Hanania wa Gibeoni. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba kabla ya miaka miwili kutimia vyombo vya hekalu vitarudi, na mateka watarudi pamoja na mfalme wao. Ili kukazia neno lake aliichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja. Hebu fikiria shangwe iliyopigwa pale. Alikuwa na tarehe, alikuwa na ishara, na alisema kile ambacho kila mtu alitamani kusikia. Yeremia alijibu kwamba nira ya mti imevunjwa na mahali pake itakuja ya chuma. Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Waraka wa sura ya 29 unafuata mara moja baada ya kisa hicho. Unawaambia wahamishwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uleule uliowateka. Kisha mstari wa 10 unataja miaka 70, na wa 11 ndio huo wa mawazo ya amani, "kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho". Mtu aliyeusikia waraka huo akiwa na umri wa miaka 40 angekuwa anakaribia 100 siku ambayo Koreshi wa Uajemi aliruhusu watu warudi, mwaka 538 KK. Wengi wa waliousikia walizikwa Babeli. Ahadi ilikuwa yao kweli, lakini waliokuja kurudi ni watoto na wajukuu wao.

Ajabu ni kwamba Yeremia mwenyewe aliiweka ahadi hiyo kwenye mizani, kwa fedha yake. Sura ya 32 inamkuta amefungwa katika uwanja wa walinzi, jeshi la Babeli likiwa limeuzingira mji. Hanameli, mwana wa ami yake, anakuja kumwomba anunue shamba lililoko Anathothi. Ni kijiji cha nje ya mji, upande ambao adui amekwisha kuutwaa. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha. Shekeli moja ilikuwa na uzito wa takribani gramu 11, kwa hiyo jumla haifiki gramu 200. Anatia sahihi hati mbele ya mashahidi, nakala moja inatiwa muhuri na nyingine inaachwa wazi, na mwandishi wake Baruku anaagizwa azitie zote mbili katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta katika Mji wa Daudi, Yerusalemu, makumi ya mihuri ya udongo ya namna ile waliyokuwa wakifungia hati. Mmoja una jina la Gemaria mwana wa Shafani, jina tunalolisoma katika Yeremia 36. Moto uliouteketeza mji mwaka 586 KK ulichoma hati zenyewe, na ukaoka udongo wa mihuri hata ukadumu.

Yeremia hakulima shamba lile. Tunamwacha Misri, alikochukuliwa na mabaki ya watu waliokimbia. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa imani ya urejesho hupimwa kwa kasi ya majibu, mwonyeshe sura hiyo ya 32.

Dhana: Urejesho unafunguliwa kwa sadaka maalum

Sitazunguka hapa. Isaya 52:3 inasema watu waliuzwa bure na watakombolewa bila fedha. Isaya 55:1 inamwita asiye na fedha aje anunue na kula. Ezekieli 36:22 inakwenda mbali zaidi, maana Mungu anasema, "Sitendi hili kwa ajili yenu, Ee nyumba ya Israeli", anatenda kwa ajili ya jina lake takatifu lililonajisiwa kati ya mataifa. Moyo mpya, roho mpya, kutakaswa, kurudishwa katika nchi, vyote katika sura ile ni kazi ya Mungu anayeianza mwenyewe. Kutoa ni jambo jema na lina mahali pake katika ibada. Kumwambia mjane kwamba miaka yake itarudi akituma kiasi fulani ni kuuza kile ambacho nabii amesema hakiuzwi.

Dhana: Mungu akirejesha, kila kitu hurudi kama kilivyokuwa, au mara mbili

Hapa hutajwa Ayubu. Alikuwa na kondoo 7,000 na ngamia 3,000, akaishia na 14,000 na 6,000, ng'ombe na punda vivyo hivyo. Hesabu ni sahihi. Lakini soma watoto. Mwanzoni ana wana saba na binti watatu, na mwishoni anapewa wana saba na binti watatu. Hawakuongezwa mara mbili, na wale wa kwanza hawakurudi. Ndugu na rafiki zake wanakuja kula naye na kumfariji hata baada ya Mungu kumgeuzia uteka wake. Yeyote aliyemzika mtoto wake anaelewa faraja hiyo ilikuwa ya nini, na asiambiwe kuwa mtoto mwingine atafuta machozi yale.

Waliorudi kutoka Babeli waliyaona haya kwa macho. Ezra anawahesabu 42,360, mbali na watumishi wao. Wengine wengi walibaki kule walikokuwa wamejenga na kupanda. Msingi wa hekalu la pili ulipowekwa, vijana walipiga kelele za furaha, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, hata watu wasiweze kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio (Ezra 3:12-13). Mwaka 520 KK nabii Hagai aliuliza waziwazi: nani kati yenu aliiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza, na mnaionaje sasa? Hakuwakemea kwa kuona tofauti. Hekalu lilikamilika katika mwaka wa sita wa Dario, mfalme wa Uajemi, bila sanduku la agano, bila mfalme wa ukoo wa Daudi kwenye kiti cha enzi. Katika sala ya Nehemia 9 watu wanasema wamo katika nchi waliyopewa baba zao, na bado ni watumwa ndani yake.

Naona hili ni muhimu kuliko yote. Wamerudi, na bado wanangoja. Ahadi za Isaya na Ezekieli zilikuwa kubwa kuliko safari ya kurudi Yuda, na waliorudi walijua hivyo. Pengo hilo ndilo ambalo Wakristo wanasema Yesu alilijia, aliposimama katika sinagogi la Nazareti akasoma Isaya 61 na kusema andiko limetimia leo. Hata yeye hakulifunga pengo lote siku ile. Wanafunzi walipomuuliza kabla ya kupaa kama ndio wakati wa kuwarudishia Israeli ufalme, aliwaambia si kazi yao kujua nyakati wala majira. Paulo anaandika kuwa viumbe vyote bado vinaugua (Warumi 8:22). Na katika Ufunuo 21 yaliyofanywa mapya ni yote, mbingu na nchi, wala si akaunti ya mtu mmoja.

Dhana: Mungu hurejesha kwa mikono ya waaminio tu

Koreshi, yule mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu wahamishwa warudi, hakumjua Bwana. Isaya 45 inasema hivyo mara mbili, na bado inamwita masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake. Silinda ya udongo iliyoandikwa kwa jina lake, iliyopatikana katika magofu ya Babeli mwaka 1879 na sasa iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, inamsifu Marduki, mungu wa Babeli, na haitaji Yuda hata kidogo.

Dhana: Kanisa limechukua ahadi, Israeli imebaki na hukumu

Dhana hii ni ya kale na imeleta madhara makubwa. Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma mnamo mwaka 144 BK, alidai Mungu wa manabii ni mwingine kabisa na Baba wa Yesu. Kanisa lilimkataa, lakini mazoea ya kuwapa Wayahudi laana zote za Agano la Kale na kujitwalia baraka zote yaliendelea.

Yeremia 31:31 inasema agano jipya ni pamoja na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Paulo anakataa katakata kuwa Mungu amewasukumia mbali watu wake, na anasema karama za Mungu na mwito wake hazina majuto (Warumi 11:29). Wakristo wanatofautiana juu ya namna hilo litakavyotimia, wakiwemo wanaoona taifa lililozaliwa mwaka 1948 kuwa sehemu ya unabii na wanaokataa. Mimi naogopa sana kumfungia nabii kwenye gazeti la wiki hii. Amosi na Yeremia hawakumpa mfalme yeyote wa Israeli ruhusa ya kudhulumu kwa kisingizio cha ahadi.

Wayahudi nao wamezisoma ahadi hizi bila kukoma. Baada ya mfungo wa Tisha B'Av, siku ya kukumbuka kuanguka kwa hekalu, husoma masomo saba ya faraja kutoka Isaya, Sabato saba mfululizo. Na wakikisoma kitabu cha Maombolezo siku ile, hurudia mstari wa 5:21 baada ya ule wa mwisho, ule wa kumwomba Bwana awageuze kwake na kuzifanya mpya siku zao kama zamani, ili usomaji usikomee kwenye kukataliwa.

Je, sisi tusio Israeli tuna sehemu gani?

Swali hili linaulizwa kila mara mtu akishaonyeshwa kwamba barua ya Yeremia haikuandikiwa yeye. Jibu liko katika Matendo 15. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu, yapata mwaka 49 BK, kuamua kama watu wa mataifa walioamini wanapaswa kutahiriwa. Yakobo alisimama na kunukuu Amosi 9, kwamba Mungu ataijenga tena nyumba ya Daudi iliyoanguka, ili mataifa walioitwa kwa jina lake wamtafute. Kwa Yakobo, watu wa mataifa kuingia ndio mojawapo ya dalili kwamba nyumba ile ilikuwa inainuliwa. Hawakuhitaji kuwafukuza wenye nyumba ili wao waingie. Uamuzi uliandikwa, ukapelekwa Antiokia kwa mikono ya Paulo, Barnaba, Yuda aitwaye Barsaba, na Sila, na waliousoma walifurahia faraja ile.