Miguu kwenye beseni: je, somo hukaa kichwani?

Mtihani ukikaribia, kwenye mabweni mengi hapa Moshi wanafunzi hutumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi, hata Julai, wapate kukesha na daftari. Imani ni kwamba saa nyingi ndizo zinazoshikisha somo.

Maji hufukuza usingizi kwa muda tu. Uchovu wa akili unabaki palepale. Tena ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana tukiwa tumelala. Ukichoka, funika daftari, andika unachokumbuka, fungua usahihishe, kisha ukalale.

Wadogo zangu, jipimeni wenyewe. Chukua mada 2 zenye uzito sawa: moja ikeshee, nyingine isome hivi. Baada ya siku 3 ziandike zote bila kuchungulia, uhesabu hoja zilizobaki.