Nyumba ya kiunzi cha mbao ni nyumba ya namna gani?

Ni nyumba ambayo uzito wake wote, wa paa na wa sakafu za ghorofani, hubebwa na nguzo na boriti za mbao zilizounganishwa. Ukuta hujaza nafasi tu. Unaweza kuubomoa ukuta na kuujenga upya huku nyumba imesimama, lakini ukikata nguzo ya pembeni umeihatarisha nyumba nzima.

Uingereza ilijenga nyumba nyingi za aina hii tangu Zama za Kati hadi karne ya 17, hasa kwa mti wa mwaloni. Mafundi waliuchonga ungali mbichi, kwa sababu ukishakauka hushinda patasi. Ncha ya boriti ilichongwa ulimi, ulimi ukaingizwa kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mbao kikapigwa kuvishika vyote viwili. Kiunzi kilipangwa kwanza chini, kila kiungo kikatiwa alama mfano wa tarakimu za Kirumi, ndipo kikasimamishwa. Mbao zilikauka baadaye, nyumba imeshasimama, zikajipinda. Ndiyo maana nyingi zimeinama na bado hazianguki.

Ukutani zilisukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu na samadi ya ng'ombe. Aliyewahi kukandika nyumba ya miti kwetu ataitambua kazi hiyo mara moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Little Moreton Hall, katika jimbo la Cheshire. Ukoo wa Moreton ulianza kuijenga mwanzoni mwa karne ya 16 na kuendelea kuongeza vyumba hadi karibu 1610. Juu kabisa waliweka ukumbi mrefu, wakauezeka kwa mabamba mazito ya mawe. Mzigo huo ulikielemea kiunzi cha chini, na mwishoni mwa karne ya 19 vyuma vilitiwa ili kuushikilia ukumbi. Madirisha yake ya uani yana maandishi ya 1559, yenye jina la mwenye nyumba na la seremala aliyeyatengeneza, Richard Dale. Inanifurahisha sana kuona fundi akitajwa pamoja na tajiri wake.

Rangi nyeusi na nyeupe inayovuta macho ya wageni si ya asili. Mwaloni uliachwa ugeuke kijivu wenyewe. Mtindo wa kuupaka weusi ulienea wakati wa Malkia Victoria. Kwa hiyo rangi haitoshi kuitambulisha nyumba. Vitongoji vya London vina nyumba nyingi za miaka ya 1920 na 1930 zilizopigiliwa mbao nyeusi juu ya kuta za matofali. Zing'oe mbao hizo zote, na paa halitatikisika, kwa kuwa linabebwa na matofali. Hizo si nyumba za kiunzi cha mbao.